Konsoli ya mkononi ipi? Namna ya kupima grafiki na thamani kabla hujalipa

Steam Deck ya kampuni ya Valve ilipotoka Februari 2022, uwezo wa chipu yake ya picha ulitajwa kuwa teraflopsi 1.6, yaani mahesabu trilioni 1.6 kwa sekunde. Mwaka uliofuata ikaja ASUS ROG Ally yenye chipu ya AMD Z1 Extreme, na karatasi yake ya sifa ikasema hadi teraflopsi 8.6. Ukigawanya unapata zaidi ya mara tano. Sasa ziweke mezani zote mbili, washa gemu ileile kwa mipangilio ileile, kisha zipe kila moja wati 15. Tofauti utakayoiona ni ya fremu chache, yaani picha zinazochorwa kila sekunde. Ukizishusha hadi wati 10, ile ya 1.6 ndiyo mara nyingi inayotangulia.

Hakuna aliyedanganya. Ile 8.6 inahesabiwa chipu ikiwa kwenye kasi yake ya juu kabisa, tena ikifanya mahesabu mawili kwa mpigo, jambo ambalo gemu nyingi hazilitumii. Juu ya hapo, ndani ya konsoli hizi prosesa na chipu ya picha zinakula kutoka RAM moja, na kasi ya RAM hiyo haikupanda mara tano. Chipu inakaa inangoja data. Ndiyo sababu mwongozo huu hauanzii kwenye namba zilizopigwa chapa juu ya boksi.

Hatua ya 1: Andika gemu zako kwanza

Chukua karatasi, andika gemu tano unazotaka kuzicheza mwaka huu. Ziwe zile utakazozicheza kweli, siyo zile unazopenda kuzitazama wengine wakicheza. Orodha hiyo peke yake inaweza kumaliza mjadala.

Ukiwa na Zelda au Mario Kart, basi ni Nintendo. Gemu za Nintendo zenyewe haziuzwi kwenye mashine nyingine. Ukiwa na Fortnite, Valorant au Call of Duty, usikimbilie mashine inayotumia SteamOS, mfumo wa Valve ulio kwenye Steam Deck. Mfumo huo ni wa Linux, na programu za kuzuia udanganyifu za gemu hizo hazikubali kufanya kazi humo. Fortnite utaipata Switch, na kwenye konsoli za Windows kama ROG Ally. Kwa gemu nyingine za kompyuta, Valve huweka alama kwenye duka la Steam kuonyesha kama gemu imethibitishwa kwa Deck, inachezeka kwa marekebisho, au haifanyi kazi kabisa. Alama ya kijani ni dalili njema, lakini haimaanishi fremu 60.

PlayStation Portal iweke kando kabisa kwenye ulinganisho wa grafiki. Haichakati gemu yenyewe, inapokea picha kupitia Wi-Fi. Kuipima Portal ni kuipima intaneti yako.

Hatua ya 2: Pima kioo kwa jicho

Hapa ndipo watu wanapolipia kitu wasichokiona. Steam Deck OLED ina kioo cha inchi 7.4 chenye pikseli 1280 kwa 800, yaani takriban pikseli 204 kwa kila inchi. ROG Ally ina inchi 7 na pikseli 1920 kwa 1080, kama 315 kwa inchi. Switch 2, inchi 7.9 na 1920 kwa 1080, inaangukia 279. Lenovo Legion Go ya kwanza, inchi 8.8 na 2560 kwa 1600, inafika 343.

Jicho zima la kawaida hutenganisha vitu viwili vilivyopishana kwa sehemu moja ya 60 ya digrii. Ukishika konsoli sentimita 40 kutoka usoni, hiyo ni takriban milimita 0.116, sawa na pikseli 218 kwa inchi. Kwa hiyo Deck iko chini kidogo tu ya mpaka wa jicho, na zile nyingine zimeuvuka. Ukisogeza kifaa karibu, ukasoma maandishi madogo ya menyu, utaiona tofauti. Ukiwa katikati ya mapigano, huioni.

Lakini kila pikseli ina gharama yake. Kioo cha 1280 kwa 800 kina pikseli kama milioni 1.02, cha 1920 kwa 1080 kina milioni 2.07, cha Legion Go milioni 4.1. Chipu ileile ikilazimika kuchora mara mbili au mara nne ya kazi, fremu zinashuka na betri inakauka. Wengi wanaonunua kioo kikubwa huishia kushusha pikseli kwenye mipangilio. Na hapo kuna jambo la kuangalia: Legion Go ukiishusha hadi 1280 kwa 800, kila pikseli ya gemu inakaa sawasawa juu ya pikseli nne za kioo, picha inabaki imekatika vizuri. Ally ukiishusha hadi 1280 kwa 720, uwiano ni moja na nusu, kwa hiyo pikseli hazigawanyiki sawa na picha inakuwa na ukungu kidogo.

Kwa maoni yangu, kama pesa inakuruhusu kuboresha jambo moja tu la kioo, chagua OLED, kioo ambacho kila pikseli inajiwashia mwanga wake, kabla ya pikseli nyingi. Weusi wa OLED ni weusi kweli kwa sababu pikseli inazimika. Steam Deck ya LCD, kioo chenye taa nyuma yake, na Deck ya OLED zina idadi ileile ya pikseli, lakini ukiziweka pamoja kwenye chumba chenye giza, mtu asiyejua lolote kuhusu teknolojia ataonyesha kidole kwenye ile ya OLED. Switch 2 ilirudi kwenye LCD baada ya Switch ya 2021 kuwa na OLED, na wapimaji wengi waligundua kuwa picha yake huacha kivuli vitu vinapokwenda kasi. Ina pikseli zaidi, ina HDR ya kupanua mwanga na rangi, ina Hz 120 (inajichora upya hadi mara 120 kwa sekunde), na bado kuna wanaopenda kioo cha ile ya zamani.

Hatua ya 3: Elewa fremu kabla ya kuzihesabu

Fremu 30 kwa sekunde maana yake kila picha inakaa milisekunde 33.3. Fremu 60 ni milisekunde 16.7. Nusu ya njia kati ya hizo mbili ni milisekunde 25, na hizo ni fremu 40, wala si 45. Hesabu hii ndogo ndiyo iliyoufanya ulimwengu wa konsoli za mkononi upende fremu 40: unapata nusu ya ulaini wa 60 kwa kuongeza theluthi moja tu ya kazi.

Ila kioo lazima kikubali. Kioo cha Hz 60 kinajichora upya mara 60 kwa sekunde, na 60 haigawanyiki kwa 40. Fremu moja itakaa muda mrefu kuliko jirani yake na jicho litahisi mshtuko. Kioo cha Hz 120 kinagawanyika kwa 40 mara tatu kamili. Steam Deck ya LCD hutatua jambo hili kwa kukishusha kioo chenyewe hadi Hz 40, na ile ya OLED hukiweka Hz 80. Cyberpunk 2077 kwenye Switch 2 ina hali ya fremu 40 kwa sababu hiyohiyo. Kwenye kioo cha Hz 60 hali hiyo isingekuwa na maana.

Halafu kuna vioo vinavyofuata mwendo wa gemu, yaani kioo kinangoja fremu iwe tayari ndipo kinachora. ROG Ally inacho kuanzia Hz 48 hadi 120. Kwenye Ally, gemu inayoyumba kati ya fremu 50 na 58 inaonekana laini tu. Deck OLED haina uwezo huo, kwa hiyo gemu hiyohiyo ni afadhali uifunge kwenye 45, nusu ya Hz 90 za kioo chake.

Matokeo yake ni kwamba fremu hazina thamani sawa. Mashine moja ikitoa 32 na nyingine 37, na zote hazina kioo kinachofuata mwendo, utazifunga zote kwenye 30 na zile tano za ziada umezilipia bure. Mashine ikitoka 38 hadi 42, hapo umenunua kitu. Usikubali majedwali yanayogawanya bei kwa wastani wa fremu bila kutazama ngazi hizi.

Hatua ya 4: Geuza wati kuwa saa

Betri hupimwa kwa wati-saa, na hesabu ni ya kugawanya. Deck ya LCD ina wati-saa 40, Deck OLED 50, ROG Ally ya 2023 ilikuwa na 40, na Ally X ya 2024 ikaja na 80. Chipu ya Ally kwenye hali ya juu, ikiwa kwenye betri, inakula wati 25. Ongeza kioo, RAM, feni na Wi-Fi, mashine nzima inapita wati 30. Gawanya 40 kwa hapo: saa moja na dakika chache. Zile video zinazokuonyesha Ally ikiipita Deck mbali zilipigwa kwenye hali hiyo, pengine hata ikiwa kwenye chaji ambapo inapanda hadi wati 30.

Kwa hiyo jiulize unacheza wapi. Anayecheza kitandani, chaja iko hatua mbili, anaweza kuchukua wati 25 bila wasiwasi. Anayecheza safarini alinganishe mashine zote kwenye wati 10 au 12, na atashangaa jinsi mpangilio unavyogeuka. Nintendo wenyewe wanataja saa 2 hadi 6.5 kwa Switch 2, wakati Switch iliyofanyiwa marekebisho 2019 ilitajwa saa 4.5 hadi 9.

Jambo hili ni la zamani. Game Boy ya 1989 ilikuwa na kioo kisicho na rangi wala taa, nayo Atari Lynx na Sega Game Gear zikaja na rangi tele na taa nyuma ya kioo. Game Gear ilikula betri sita kwa saa chache, huku Game Boy ikienda siku nzima kwa nne. Game Boy pamoja na Game Boy Color zikauza zaidi ya vipande milioni 118, na Game Gear haikusogelea hata robo yake.

Hatua ya 5: Pima mwenyewe, au soma vipimo kama mpimaji

Kama unaweza kuishika mashine kabla ya kununua, hata ya rafiki, tumia dakika kumi vizuri. Kwenye Steam Deck bonyeza kitufe chenye nukta tatu upande wa kulia, ingia kwenye alama ya betri, kisha pandisha kiwango cha maelezo ya utendaji. Pembeni mwa kioo itatokea safu ya namba: asilimia ya kazi ya chipu ya picha, ya prosesa, wati zinazoliwa, RAM, na mstari unaokwenda kushoto ukionyesha muda ambao kila fremu imechukua. Kwenye ROG Ally kitufe cha Command Center kinaleta kitu kinachofanana.

Usikodolee namba ya fremu. Tazama ule mstari. Ukiwa bapa kama uzi uliovutwa, gemu itahisika laini hata kwenye 40. Ukiwa na meno, huku namba ikisema 60, mkono wako utaichukia gemu hiyo ndani ya robo saa. Kisha tazama asilimia. Chipu ya picha ikiwa 99 na prosesa iko chini, shusha vivuli au pikseli na fremu zitapanda. Chipu ya picha ikiwa 60 na fremu bado hazipandi, kinachokwamisha ni prosesa, na hakuna mpangilio wa picha utakaokuokoa.

Unapolinganisha mashine mbili, tumia sehemu moja yenye kazi nzito: soko lenye watu, mvua usiku, mlipuko. Kusimama ukitazama ukuta hakupimi chochote. Mwangaza wa kioo uwe sawa, wati ziwe sawa, na acha mashine icheze dakika 20 kabla ya kuandika namba, kwa sababu ikipata joto inaweza kupunguza kasi. Sikiliza na feni pia; hakuna jedwali linalokuonyesha mlio wake.

Kama unategemea video za wengine, fanya hivi. Wapimaji hukuza picha mara nne kukuonyesha majani yaliyopoteza ncha. Ni kazi nzuri ya uchunguzi, lakini wewe hutakuza. Punguza dirisha la video hadi liwe na ukubwa wa konsoli yenyewe, kaa umbali wa mkono uliokunja kiwiko, kisha uliza kama bado unaiona tofauti. Na hakikisha video yenyewe inacheza kwa fremu 60, vinginevyo mashine zote zitaonekana sawa.

Hatua ya 6: Jua picha imetoka wapi

Siku hizi gemu nzito huchorwa kwa pikseli chache, kisha programu huzikuza zijaze kioo. DLSS ya Nvidia ndiyo inayofanya kazi hii vizuri zaidi kwenye kifaa kidogo, na kati ya konsoli kubwa za mkononi iko Switch 2 tu, kwa kuwa ndiyo yenye chipu ya Nvidia. Mashine za AMD hutegemea FSR, na zile za Intel kama MSI Claw zina XeSS. FSR ya matoleo ya kati hutetemeka kwenye nywele, nyaya za umeme na nyasi za mbali, hasa inapoanzia kwenye pikseli chache sana. Hii ndiyo sababu Switch 2, ambayo wati zake ni chache, inaweza kutoa picha iliyotulia kuliko mashine ya bei ya juu.

Kama utaunganisha na TV, hesabu inabadilika tena. Switch 2 ikikaa kwenye kitako chake inapandisha kasi na inaweza kutoa hadi 4K kwenye Hz 60. Steam Deck ikiunganishwa na TV haiongezi nguvu yoyote. Picha iliyopendeza kwenye inchi 7 inatandazwa kwenye inchi 50 na ukungu wote unajitokeza. Switch Lite haiungani na TV kabisa.

Hatua ya 7: Hesabu ya pesa, mpaka mwisho

Bei ya boksi ni mwanzo tu. Kwa bei rasmi za Marekani zilipozinduliwa, Switch 2 ilikuwa dola 449.99, Steam Deck OLED ya GB 512 dola 549, Ally X dola 799.99, na ROG Xbox Ally X ya Oktoba 2025 dola 999.99. Bei hizi hubadilika, lakini njia ya kuhesabu haibadiliki: bei ya mashine, jumlisha gemu za miaka miwili, jumlisha vifaa, toa utakachorudisha ukiuza.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mtu ananunua gemu 10. Kwenye Deck anangoja punguzo la Steam na wastani unakuwa dola 20 kwa gemu: 549 na 200 ni 749. Kwenye Switch 2 gemu ni wastani wa dola 60, kwa hiyo 450 na 600 ni 1,050. Pengo kubwa. Lakini akinunua zote za kadi, siyo za kupakua, akaziuza kwa nusu bei akimaliza, anarudisha 300 na kubakiwa na 750. Dola moja tu inawatenganisha, wakati gemu za Steam haziuziki tena.

Badilisha iwe gemu 4. Deck inakuwa 629. Switch 2 inakuwa 690, na ukitoa 120 za kuuza kadi, 570. Sasa Switch 2 imeshinda. Gemu 20? Deck 949, Switch 2 hata baada ya kuuza kila kadi ni 1,050. Mnunuzi wa gemu chache na mnunuzi wa gemu nyingi wakibishana mtandaoni, wote wawili wanasema kweli. Weka namba zako mwenyewe, na kama tayari una gemu 50 kwenye akaunti ya Steam, zihesabu kuwa umeshazilipia.

Usisahau hifadhi. PS Vita ilikuwa na kioo kizuri cha OLED tangu 2011, lakini ililazimisha memori kadi zake yenyewe za bei kali, na watu hawakuisamehe. Switch 2 ina GB 256 ndani, na ukitaka kuongeza inakubali microSD Express tu. Kadi za kawaida ulizonazo hazitaendesha gemu zake. Deck inakubali microSD ya kawaida. Tena angalia kadi za gemu za Switch 2 zenye alama ya ufunguo: ndani yake hakuna gemu kamili, unaipakua, kwa hiyo inakula hifadhi kama ile ya mtandaoni, ingawa kadi bado unaweza kuiuza.

Windows nayo ni gharama, ingawa hailipwi kwa pesa. Inaendesha karibu kila gemu ya kompyuta, na kwa wengi hilo linatosha. Lakini kubonyeza kitufe cha kulaza mashine, kuiweka mkobani, kisha kuikuta imezima au imepata moto ni malalamiko ya miaka mingi. Legion Go S ya 2025, konsoli ya mkononi ya kwanza isiyo ya Valve kuuzwa na SteamOS rasmi, ilionyesha kuwa chipu ileile kwenye mfumo mwepesi mara nyingi inatoa fremu zaidi na inalala inavyopaswa. Mimi ningelipia mfumo kabla ya kulipia chipu mpya.

Hatua ya 8: Siku ya kwanza nayo

Kabla muda wa kurudisha haujaisha, weka picha nyeusi tupu kwenye kioo ndani ya chumba chenye giza, utafute pikseli iliyokwama au mwanga unaovuja pembeni. Kisha nyeupe tupu. Ingia kwenye mipangilio ya kupima stiki, ziachie, uone kama nukta inatulia katikati au inatambaa yenyewe. Kama ni ya mtumba, hilo la stiki ndilo la kwanza, na la pili ni afya ya betri: cheza gemu moja nzito kutoka asilimia 100 hadi 50 huku ukitazama saa, na ulinganishe na nusu ya muda uliopata kwa hesabu ya wati-saa kwenye hatua ya nne. Ikiwa inakwisha kwa theluthi mbili tu ya muda ule, punguza bei ya betri mpya kutoka kwa anayekuuzia, au mrudishie mashine yake.